Fundo Chini, Kosa Juu

Zilibaki siku tatu shule zifunguliwe, na mezani kwangu palikuwa na mashati sita meupe ya tetroni yaliyokwisha kukatwa. Saa nne usiku nilikaa kwenye cherehani ili niunge mabega tu, nikalale. Bega la kwanza halikufika hata sentimita tano. Cherehani ilianza kugonga, kitambaa kikakwama, pedeli ikawa nzito kama inakanyaga matope. Nilipojaribu kuvuta shati halikutoka. Nikapitisha mkasi chini yake, nikakata, nikaligeuza: bonge la uzi mweupe, limesokotana, limezama hadi kwenye tundu la bamba, kile kibati ambacho sindano huzama ndani yake.

Nilifanya kile ambacho karibu kila anayeanza hufanya. Bonge liko chini, kwa hiyo kosa liko chini. Nikatoa kesi ya bobini, kile kikopo kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini, nikachukua bisibisi ndogo, nikakaza skrubu yake. Nikashona, likaja bonge lingine. Nikalegeza. Bonge tena. Hadi saa sita usiku nilikuwa nimeizungusha ile skrubu mara nyingi kiasi kwamba sikujua tena ilianzia wapi, na bega la shati la mtoto wa watu lilikuwa na vitundu kama limeliwa na mende.

Cherehani yenyewe niliachiwa na shangazi yangu aliyenilea hapa Tanga. Ni ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita kila siku. Kichwa chake ni cha mfano wa Singer 15, mfano ambao viwanda vingi vya Asia vimeunakili, na ndiyo maana spea zake bado hupatikana kirahisi. Shangazi alishonea cherehani hiyo maisha yake yote na sikumbuki kumwona akigusa skrubu ya kesi ya bobini. Usiku ule sikulifikiria hilo. Ningelifikiria, ningelala mapema.

Asubuhi nilifungua kichwa kutoka kwenye meza, nikakifunga kwa khanga, nikapanda nacho bodaboda hadi kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza cherehani kule Ngamiani. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza: bobini imeharibika, kesi imechoka, labda ninunue nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, ulipotunga uzi, mguu ulikuwa juu au chini?"

Sikuelewa. Alikuwa akisema ule mguu mdogo unaobana kitambaa. Nilimjibu kwamba nadhani ulikuwa chini, maana niliushusha ili nione vizuri tundu la sindano. Alitikisa kichwa, akauchomoa uzi wote wa juu, akauinua mguu, akaniita nisogee karibu.

Pale mbele ya cherehani kuna visahani viwili vidogo vya chuma vilivyobanana, na uzi hupita katikati yake. Ndivyo vinavyoupa uzi wa juu ukazo, na mafundi wengi huviita tensheni. Mguu ukiwa juu, visahani huachana. Mguu ukishuka, hubanana. Mzee alichukua uzi, akaupitisha mguu ukiwa chini, akaniambia niuvute: ulikuja bila kizuizi chochote, kwa sababu haukuwa umeingia katikati, ulikuwa umekaa juu ya ukingo wa visahani. Akautoa. Akainua mguu, akaupitisha tena, safari hii ukazama hadi ndani kabisa. Akashusha mguu. "Vuta." Nikavuta, na sindano ikapinda kidogo kabla uzi haujasogea.

Tofauti ni hiyo tu. Uzi usiobanwa juu hushuka kwa wingi kila sindano inapozama, na mkono wa kuvuta uzi, ule unaopanda na kushuka, haupati nguvu ya kuurudisha. Ule uliozidi hauna pa kwenda ila chini, kuizunguka ndoano, ile inayozunguka bobini na kuudaka uzi wa juu, na huko ndiko hujifunga bonge. Fundo huonekana chini ilhali kosa limefanyika juu.

Neno letu la tatizo lenyewe limetoka huko huko kwenye uzi: kutata ni kusokotana, kutatua ni kuufungua msokotano. Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kuusikia uzi uliomo ndani yake, mpaka siku ile.

Mzee hakuishia hapo, kwa sababu skrubu nilikuwa nimeshaivuruga. Alitoa kijikaratasi cha sindano, akaweka mpya, kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila anayenunua cherehani afundishwe siku ya kwanza. Juu aliweka uzi mwekundu, kwenye bobini aliweka uzi wa bluu. Akachukua kipande cha tetroni nyeupe, akakikunja mara mbili, akashona mstari mmoja kama urefu wa kiganja.

"Soma," akaniambia.

Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazokumbatiana. Wazo hilo, pamoja na sindano yenye tundu kwenye ncha, ndilo alilopatia hataza Elias Howe nchini Marekani mwaka 1846, na hadi leo cherehani zetu zinashona vilevile. Mahali zinapokumbatiana panatakiwa pawe katikati ya vitambaa viwili, pasionekane. Ukitumia rangi moja juu na chini huwezi kujua zinakutania wapi. Ukitumia rangi mbili, kila kitu kiko wazi. Juu nikaona mstari mwekundu na vidoadoa vya bluu vikichungulia kwenye kila tundu. Maana yake uzi wa juu umeushinda wa chini na kuupandisha: ama wa juu umekazwa mno, ama wa chini umelegea. Ingekuwa vidoa vyekundu vinachungulia upande wa chini, au vitanzi vyekundu vinaning'inia, basi wa juu ndio uliolegea, ama wa chini umekazwa mno.

Wa chini ndio uliokuwa umelegea, kazi ya mikono yangu ya usiku. Alinionyesha namna ya kuurudisha. Unaweka bobini ndani ya kesi, unaupitisha uzi chini ya kile kibati chembamba cha pembeni, unashika mwisho wa uzi na kuiacha kesi ining'inie. Ikishuka yenyewe hadi sakafuni, imelegea. Ukiutikisa mkono na isisogee kabisa, imekaza. Inatakiwa itulie, na ukiutikisa mkono kidogo ishuke sentimita chache, kisha isimame. Kibati kile kina skrubu mbili: moja kazi yake ni kukishikilia, nyingine ndiyo ya kukaza na kulegeza. Nilikuwa nimezizungusha zote mbili. Alizirudisha kwa robo mzunguko, akipima, robo nyingine, akipima. Kesi ilipotulia, alishona tena: mwekundu juu, bluu chini, hakuna kilichochungulia kwa jirani.

Alinitoza bei ya sindano peke yake.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji hata nikiwa na haraka. Uzi ukianza kuleta shida, siufikirii, nauchomoa wote, juu na chini. Nainua mguu. Natunga upya tangu kwenye koni. Nabadilisha sindano. Najaribu kwenye kitambaa chakavu cha aina ileile. Hapo ndipo mara nyingi shida huishia, na bisibisi haijatoka kwenye droo. Ikibaki, nazungusha tensheni ya juu, namba kwa namba. Kesi ya bobini naigusa mwisho, na kabla ya kuigusa naweka alama ya kalamu pale skrubu ilipo.

Ya pili niliyojifunza ilihusu sindano, na hii ilinigharimu satini ya mteja. Aliniletea mita nne za rangi ya maziwa, gauni la kuvaa Idi. Nilikwenda duka la vifaa, nikaomba sindano namba 11, nikapewa pakiti, nikarudi. Cherehani ikawa inaruka: mishono mitatu mizuri, kisha pengo refu, kisha uzi unakatika. Nilifanya utaratibu wangu wote, nikatunga mara tatu, nikasafisha, nikatia mafuta. Ikaendelea kuruka. Jioni nilichomoa ile sindano mpya, nikaiweka kwenye kiganja pamoja na ile kuukuu niliyoitoa, nikaziangalia juani.

Ya zamani shina lake lilikuwa bapa upande mmoja. Mpya ilikuwa duara pande zote, tena nyembamba kidogo. Ilikuwa sindano ya cherehani ya kiwandani. Kwenye pakiti ilikuwa imeandikwa DBx1, na maandishi hayo sikuwahi kuyasoma kwa sababu nilikuwa naangalia namba peke yake. Cherehani zetu za nyumbani hutumia zile zilizoandikwa HAx1, au 15x1, au 130/705H. Majina matatu ya kitu kimoja. Dukani hukaa kwenye kisanduku kimoja na zile nyingine, na muuzaji aliyeshikwa na wateja hakuulizi cherehani yako ni ya aina gani. Uliza wewe. Nami sasa naifungua pakiti palepale kaunta, napitisha ukucha kwenye shina, nikiusikia ubapa ndipo nalipa.

Ubapa ule una kazi. Upande wake, juu kidogo ya tundu, sindano imechongwa kibonde kidogo. Upande wa pili una mfereji mrefu ambao uzi hulala ndani yake sindano inapozama. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, milimita mbili hivi tu, uzi ulio upande wa kibonde hufanya kitanzi kidogo, na ndoano hupita palepale na kukidaka. Sindano ikikaa imegeuka, au ikiwa haijasukumwa hadi juu kabisa, kitanzi hutokea mahali ambapo ndoano haipo. Mshono unarukwa. Kwa hiyo ukitunga sindano usikariri kulia au kushoto, maana cherehani hutofautiana. Tafuta mfereji mrefu kwa ukucha. Unakoangalia mfereji ndiko uzi unakoingilia.

Satini ile niliimaliza kwa sindano sahihi, lakini vitundu vya ile nyingine vilikuwa vimebaki pembeni mwa kiuno, na satini haisahau tundu. Niliongeza mkanda wa kufunga kiunoni kuvifunika, kisha nikamweleza mteja ukweli. Aliupenda mkanda. Hata hivyo nilimpunguzia hela, kwa sababu kitambaa kilikuwa chake na kosa langu.

Kuna wanaosema sindano hubadilishwa ikivunjika. Siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Wengi hushauri ibadilishwe baada ya saa nane hivi za kushona, na hapa pwani, penye hewa ya chumvi, huota kutu hata ikiwa imekaa tu. Kipande kilekile cha uzi hupita na kurudi katika tundu la sindano mara nyingi sana kabla hakijatulia kwenye mshono. Tundu likiwa na kikwaruzo, uzi unasagwa kidogo kila safari, unatoa manyoya, unakonda, unakatika. Utaona mwisho wake umechanika kama mswaki. Uzi uliokatika kwa sababu ya ukazo mkali huwa umekatika safi. Kabla hujatunga upya, uangalie ule mwisho. Umekwisha kukuambia nusu ya jibu.

Uzi wenyewe nao una hila zake. Shangazi aliacha bati la biskuti limejaa nyuzi za kila rangi, na mwaka wa kwanza nilizitumia kwa mapenzi, nikiona kama nashona naye. Zilikatika mfululizo. Uzi wa pamba uliokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu unaoza ukiwa na rangi yake nzuri vilevile. Unaujua kwa mikono: kata urefu wa dhiraa, ushike ncha mbili, uvute kwa ghafla. Mzima unakuuma vidole kwanza, na ukikatika unalia. Uliooza unaachia tu, kimya. Zile za shangazi nimezihifadhi, nazitumia kwa kupigia bandi, kazi ya mkono isiyotaka nguvu.

Kwa uzi mpya, kabla ya kununua nauinua mbele ya mwanga. Mzuri ni laini kama waya. Wa hovyo una manyoya na vinundu, na kila kinundu kikifika kwenye visahani hukwama, ukazo unabadilika, mshono unajikunja. Vumbi lake hujaa kati ya visahani na chini ya bamba. Basi hata ukitunga vizuri, visahani haviwezi kubanana kwa sababu kuna pamba katikati. Nasafisha kwa kuinua mguu na kupitisha ukanda mwembamba wa kitambaa kati ya visahani, mbele na nyuma, kama mtu anayesugua meno. Chini ya bamba natumia brashi ndogo. Mara ya kwanza kufungua bamba la cherehani ya jirani yangu, nilitoa pamba iliyoshindiliwa kati ya meno yanayosukuma kitambaa mpaka imekuwa ngumu kama kizibo. Alikuwa ameambiwa anunue cherehani mpya.

Na tafadhali, mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia hukauka yakawa gundi, na gundi hiyo hukusanya kila nyuzinyuzi inayopita.

Cherehani za miguu zina jambo lao jingine ambalo za umeme hazina. Pedeli ukiikanyaga vibaya, gurudumu linarudi nyuma. Hata nusu mzunguko wa kurudi nyuma unatosha kuutoa uzi kwenye mpangilio wake, ukajisokota kwenye ndoano au ukakatika. Binti wa jirani anayejifunza kwangu alikuwa analia kwamba cherehani inamchukia. Nilimtolea uzi wote, nikaondoa na kitambaa, nikamwachia pedeli tupu na gurudumu: lianzishe kwa mkono kuja kwako, kisha miguu ifuate. Alikaa siku mbili hashoni chochote, anakanyaga tu. Siku ya tatu nilimtungia uzi na haukukatika. Nilimfundisha pia kushika ncha mbili za uzi nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya mwanzo, zisimezwe chini, na kabla ya kutoa kitambaa auangalie mkono wa kuvuta uzi uwe juu kabisa.

Lililonitesa kuliko yote nimelichelewesha makusudi, maana hili utaratibu wangu haukuliweza. Kwa karibu mwezi mzima uzi wa juu ulikuwa unakatika bila mpango. Sindano mpya, uzi mzuri, tensheni sawa, kote safi. Unashona dera zima bila shida, unafika kwenye kona, unageuza kitambaa, kap! Nilianza kuiogopa kona. Nilipima kwa rangi mbili, mshono ukasomeka vizuri. Nikatunga, nikatungua. Mwishowe nilikumbuka kwamba mwezi uliopita nilipitisha sindano juu ya pini ya chuma, ikavunjika kwa kishindo, na siku ile nilibadilisha sindano tu nikaendelea.

Nilichukua pamba ya dukani, nikaipitisha taratibu kwenye kila mahali uzi unapopita: vishikizo vya juu, mkono, visahani, chini hadi kwenye tundu la bamba. Kote pamba ilipita. Kwenye tundu la bamba, upande wa nyuma, ilinaswa. Nyuzinyuzi tatu nyeupe zilibaki zimesimama pale, zinatikisika nikizipulizia. Nikawasha taa ya simu, nikainama: alama ndogo ya kugongwa, na kando yake ukingo wa chuma umeinuka, mdogo kuliko chembe ya chumvi, ila mkali. Uzi ukienda moja kwa moja haukuugusa. Ukigeuza kona unalalia upande ule, na unakatwa.

Nilifungua bamba, nikachukua kipande cha msasa laini kabisa, nikakikunja kuwa kama kamba nyembamba, nikakipitisha kwenye tundu na kuvuta huku na huku, polepole, nikipima kwa pamba kila baada ya mivuto michache. Ilichukua kama dakika ishirini. Pamba ilipoacha kunaswa nikalifuta bamba, nikalirudisha, nikashona mraba kwenye kitambaa chakavu, kona nne. Nikashona mwingine ndani yake. Nikaendelea hadi miraba saba, mmoja ndani ya mwingine, kona ishirini na nane, na uzi ukiwa mzima.

Sasa pini natoa kabla sindano haijaifikia. Na sindano ikivunjika, kabla ya kuweka nyingine napitisha pamba kwanza.

Kitu kimoja sijawahi kujaribu mwenyewe, nacho ni muda wa ndoano, yaani pale inapokutana na sindano. Ikiwa umemaliza yote haya na cherehani bado inaruka hata kwenye kitambaa cha pamba cha kawaida, kwa sindano mpya iliyokaa sawa, basi huenda ndoano inawahi au inachelewa, na hilo lina skrubu zake za ndani. Jezi na vitambaa vinavyovutika visikudanganye: hivyo hurukwa kwa sababu vinataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayopenya kati ya nyuzi bila kuzitoboa. Ila kikiwa kitambaa cha kawaida, mimi nafunga kichwa kwenye khanga, nakipeleka Ngamiani. Mzee siku hizi macho yamepungua nguvu, kijana wake ndiye anayeshika bisibisi. Lakini bado yeye ndiye anayeuliza la kwanza, kabla kichwa hakijatua mezani: mguu ulikuwa juu au chini?

"Juu, baba," namjibu, na ndipo huniambia kaa.